Sarafu za zamani: albamu ya plastiki au bahasha za karatasi?

Albamu ina raha yake. Unafunua ukurasa, unaona pesa za shaba za Sultani Barghash za mwaka 1299 Hijria (1882), heller (sarafu ndogo za utawala wa Wajerumani), senti za tundu za mkoloni Mwingereza, zote bila kuzigusa. Shida ni plastiki yenyewe. Kurasa laini zenye harufu kali kama pazia jipya la bafuni kwa kawaida ni plastiki iitwayo PVC. Kwenye joto na unyevu wa Pwani huoza polepole na kutoa asidi, na shaba ndiyo huumia kwanza: utaona utando wa kijani unaonata, hasa kwenye mikunjo ya herufi. Ukiachwa, unakula shaba yenyewe.

Bahasha ndogo za karatasi isiyo na asidi hazina sumu hiyo. Unaandika mwaka na mahali ulipoipata sarafu kwa penseli, kabla hujaiingiza. Ila huioni mpaka uitoe, na karatasi hunyonya unyevu, kwa hiyo ziweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vipakiti vya silika, vile vinavyonyonya unyevu.

Kwa anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja, mimi nasema bahasha. Ukitaka albamu, tafuta ya polipropilini, plastiki isiyotoa asidi hiyo. Popote utakapoziweka, shika sarafu kwa ukingo, na tafadhali usiisugue kwa ndimu wala majivu: heller 20 iliyopigwa Tabora mwaka 1916 ikishang'arishwa hivyo, thamani yake imepotea.