Aktinomaisini D kwenye seli za binadamu zinazokuzwa maabara: uzoefu wangu

Naipa nyota nne kati ya tano. Dawa hii, inayozuia seli kutengeneza RNA (nakala za maelekezo ya DNA), inafanya kazi. Nyota moja nimeinyima kwa sababu ya karatasi ya maelekezo, ambayo haimwambii mnunuzi jambo analolihitaji kuliko yote: RNA ikizuiwa, protini hazikomi papo hapo.

Huja kama unga wa rangi nyekundu inayoelekea chungwa, kichupa cha miligramu 5. Nauyeyusha kwa kiyeyushi cha DMSO, miligramu 1 kwa mililita, nagawa kwenye vichupa vidogo na kuvifunga foili maana mwanga huiharibu, halafu friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Glavu usivue. Ni sumu hii. Hospitalini hutumika kutibu uvimbe wa Wilms, saratani ya figo ya watoto.

Ikiingia kwenye seli hujipenyeza ndani ya DNA, hasa penye jozi za herufi zake G na C, ikamzibia njia kimeng'enya anayenakili RNA. Kwa mikrogramu 5 kwa mililita, unukuzi (huko kunakili RNA kutoka DNA) karibu wote husimama. Hapa ndipo malalamiko yanapoanza. Mtu anapima protini baada ya saa mbili tatu, anakuta mkanda wa aktini (protini ya kiunzi cha seli) kwenye kipimo umekolea sawa na wa seli ambazo hazikuguswa, basi anatangaza kauziwa feki. Si feki! RNA mjumbe, yaani zile zinazobeba maelekezo ya protini, zilizokwisha kutoka kwenye kiini bado zipo, na ribosomu, mashine za seli za kuunda protini, zinaendelea kuzisoma. Kila moja ina umri wake. Ya c-Myc, protini inayochochea seli kugawanyika, huoza kwa takriban nusu saa, na protini yake nayo haikai, kwa hiyo mkanda wake hufifia mapema. Ya aktini hudumu saa nyingi. Ya hemoglobini ndiyo sugu kabisa: chembe nyekundu changa za damu, zikiwa zimeshatupa kiini, huendelea kuunda hemoglobini bila RNA mpya hata moja.

Anayetaka protini zikome ndani ya dakika chache anunue sikloheksimaidi, inayozuia ribosomu zenyewe. Aktinomaisini D ni ya kujua RNA fulani inadumu muda gani, na kwa kazi hiyo mimi siibadilishi: weka dawa, vuna seli kila baada ya nusu saa, pima kwa PCR (kipimo cha kiasi cha RNA) imebaki kiasi gani, chora mstari.

Dozi ndogo ina mambo yake. Kwa nanogramu 5 hadi 50 kwa mililita hupiga kwanza RNA ya ribosomu kwenye nukleoli (sehemu ya kiini inayounda ribosomu), huku RNA mjumbe zikiendelea kutoka. Ribosomu za zamani hudumu siku kadhaa, hivyo uzalishaji haushuki upesi. Lakini p53, protini inayozuia seli zenye hitilafu kugawanyika, hupanda, kwa sababu protini za ribosomu L5 na L11, zilizokosa ribosomu mpya ya kujiunga nayo, huishika MDM2, protini ambayo kwa kawaida huisukuma p53 ikaharibiwe. Nilifurahia matokeo haya kuliko yale niliyoinunulia dawa.

Usiache seli ndani yake usiku kucha. Asubuhi utakuta protini zimeshuka kweli, ila seli nyingi zitakuwa zinakufa, na huwezi tena kutenganisha sababu. Wala kuosha hakusaidii sana, kwani huishikilia DNA. Mwenye jaribio la kuzima kisha kuwasha tena achukue DRB, dawa nyingine ya kuzuia unukuzi. Hiyo ukiiosha, unukuzi hurudi haraka.