Outlander PHEV ya zamani haitengenezwi tena: uzoefu wangu wa kuiendesha Unguja

Januari 2026 kampuni ya Stellantis ilitangaza kwamba inaachana na gari za haibridi za kuchomeka (PHEV), zile zenye injini ya petroli pamoja na betri inayochajiwa kwa waya, katika soko la Amerika ya Kaskazini, Jeep Wrangler 4xe ikiwemo. Miezi miwili nyuma yake, zaidi ya Jeep 320,000 za kuchomeka, Wrangler na Grand Cherokee, zilikuwa zimeitwa zirudi karakana Marekani kwa hatari ya betri kushika moto, na wenyewe waliambiwa waziegeshe nje na wasizichaji. Hapa kwetu Wrangler za kuchomeka ni za kuhesabu, lakini swali ni lile lile kwa gari tuliyonayo sisi: Mitsubishi Outlander PHEV ya kizazi cha kwanza, mtumba wa Japani. Hiyo ilikoma Japani mwisho wa 2021 ilipokuja mpya yenye betri ya kWh 20. Ikishaachwa kutengenezwa, inafaa kununuliwa? Mimi nasema inafaa, ila ununue betri kwanza halafu ndio gari.

Ninayoitumia ni chesisi GG2W: injini ya petroli ya lita 2.0, mota mbili za umeme za kW 60, moja mbele moja nyuma, na betri ya kWh 12 chini ya sakafu. Toka Agosti 2018 ikaja GG3W yenye injini ya lita 2.4, betri ya kWh 13.8 na mota ya nyuma ya kW 70. Ukiziona mbili kwa bei zinazokaribiana, chukua GG3W usifikirie mara mbili. Hakuna giaboksi ya kawaida. Mwendo mdogo mota ndizo zinazosukuma, na injini ikiwaka inakuwa jenereta tu. Kuanzia kama kilomita 65 kwa saa ndipo inapoweza kushikana na magurudumu ya mbele moja kwa moja.

Kuhusu spea, gari hii ichukulie kama gari mbili ndani ya bodi moja. Nusu ya kwanza ni Outlander ya kawaida ya petroli ya 2012 hadi 2021: milango, vioo, taa, na sehemu kubwa ya miguu. Injini nayo ni 4B11 au 4B12, ndugu wa zile za Galant Fortis na Delica D:5, kwa hiyo plagi, koili na gasketi hazitakutesa. Muhimu ulinganishe namba ya kifaa, usiridhike na "inafanana". Nusu ya pili ni yake peke yake: betri, kompyuta ya betri, chaja ya ndani, inveta mbili, mota ya nyuma na kompresa ya umeme ya AC. Hizi za gari mpya haziingii, maana betri yake ni nyengine kabisa. Kwa kawaida zinapatikana kwa kukata gari iliyogongwa. Na betri ya lithiamu husafirishwa kama mzigo wa hatari, si kila wakala wa meli ataipokea. Inveta na chaja unaweza kuviagiza Japani vikaja ndani ya kontena la spea. Betri hesabu kwamba uliyonunua nayo ndiyo utakayoishi nayo.

Ndiyo maana kuipima si hiari. Nunua kisomaji cha OBD (tundu la kusomea kompyuta ya gari) cha bluetooth, weka kwenye simu programu ya PHEV Watchdog, chomeka chini ya usukani na usome ujazo wa betri kwa Ah (ampea-saa). Pakiti ya kWh 12 imeandikwa Ah 40, na gari mpya huonesha kama 38. Kipimo changu mimi: 33 kwenda juu ni nzuri, 29 hadi 32 inanunulika kwa bei ya kushushwa, chini ya 28 unanunua gari ya petroli yenye kilo mia mbili za mzigo. Halafu angalia seli 80 moja moja. Wengi hukosea hapa kwa kupima betri ikiwa imejaa, wakati ikijaa seli zote hulingana na kila mtu anaonekana mzima. Ipime ikiwa imebaki kama asilimia 30. Tofauti ya seli ya juu na ya chini ikiwa ndani ya volti 0.03, sawa. Ikiwa seli moja imezama peke yake, hiyo ndiyo itakayoivuta pakiti nzima, kwa kuwa zimefungwa mfululizo na gari husikiliza ile dhaifu kuliko zote.

Usiutegemee mstari wa "EV km" kwenye dashibodi. Ule unakisia kwa kufuata ulivyoendesha karibuni. Mtu akiizungusha taratibu mjini siku mbili bila AC, itaonesha 50 na wewe utafurahi.

Kama huna kisomaji, iko njia ya mita ya Tukuza, ile ya umeme wa kulipia kabla. Endesha mpaka betri iishe na injini iwake yenyewe. Fika nyumbani, zima friji na feni, andika uniti zilizobaki, chomeka mpaka ijae, andika tena. Pakiti nzima hula uniti 9 hadi 10. Ya Ah 30 hula kama 7. Ikijaa kwa uniti 5, ushajua.

Umeme wa nyumbani ndio wenye kazi kuliko gari yenyewe. Waya wa chaji uliokuja nayo kutoka Japani ni wa volti 200 na plagi ambayo hapa haina soketi. Mafundi hukata kichwa na kufunga plagi ya pini tatu ya kwetu. Inachaji, lakini kile kiboksi cha kwenye waya hakikutengenezewa volti 230, na fyuzi ya ampea 13 haikukusudiwa kubeba ampea 15 kwa saa nne. Tafuta waya wa soko la Uingereza wenye kiboksi cha ampea 10 na kichwa cha Aina ya 1, kile cha tundu tano. Kwa ampea 10 unavuta kW 2.3, betri inajaa kwa saa tatu mpaka tano kulingana na uzima wake, na haikuhangaishi.

Soketi iwe na laini yake kutoka kwenye boksi la umeme: waya wa milimita 2.5, ukizidi mita 20 weka wa 4, sakiti breka ya ampea 20, na kinga ya kuvuja umeme ya miliampea 30. Kisha njoo kwenye ethi. Taa nyekundu ikiwaka kwenye kiboksi na gari isichaji, mara nyingi nyumba haina ethi, au ipo na haifanyi kazi. Juu ya jiwe la matumbawe, fito la shaba huingia futi moja likagoma, na fundi hulikata juu ili lionekane limezama. Ethi ya namna hiyo ni pambo. Chimba shimo pahala penye unyevu, karibu na maji ya kuogea yanapotokea, laza bamba la shaba, lizungushie mkaa na chumvi, fukia, na liwe linamwagiwa maji wakati wa kaskazi.

Baada ya nusu saa ya kuchaji shika plagi kwa mkono. Vuguvugu ni sawa. Ikikufanya uutoe mkono, zima. Ichomoe utazame ile pini ya upande wa fyuzi: ikiwa imeanza rangi ya kahawia kama ukoko, na plastiki imeng'aa pembeni, soketi imelegea au imeliwa na hewa ya chumvi. Isisuguliwe na msasa ikarudishwa. Badilisha soketi na plagi pamoja, maana iliyoungua moja huiunguza ya pili. Ulio karibu na bahari, Jambiani au Nungwi, kagua kila mwezi.

Chaji usiku kwa kutumia saa ya gari yenyewe, ianze saa sita. Jioni volti hushuka kwenye mitaa yenye nyumba nyingi na kiboksi hukatakata.

Njiani sasa. Yenye Ah 30, AC imewashwa, mwendo wa 60 hadi 70, inakupa kama kilomita 30 za umeme. Kutoka Mjini kwenda Nungwi injini itawaka karibu na Kinyasini. Kwenda Paje itawaka hujafika Jozani. Baada ya hapo kwangu ni kilomita 14 kwa lita, kwa hiyo Nungwi kwenda tu ni kama lita mbili, na ukipata pa kuchomeka huko, kurudi ni vivyo hivyo. Faida kubwa iko kwa anayekaa Fuoni au Bububu na kufanya kazi Mjini: wiki nzima petroli haiguswi. Pemba, Chake kwenda Wete ni kilomita 30 za vilima, na vilima havinitii hofu: ukiteremka weka B5, ngazi ya juu ya mota kupunguza mwendo, kwa vile vibawa vya usukani, umeme unarudi. Safari ndefu nabonyeza SAVE (ya kutunza umeme wa betri) nikishatoka mjini, injini ibebe ile njia ya wazi, nikiingia Mwanakwerekwe kwenye foleni naachia umeme.

Petroli isipoguswa nayo ina lake. Ikikaa kama miezi mitatu bila kuongezwa, kompyuta huiwasha injini kwa lazima. Si ugonjwa. Mimi siweki tangi kamili la lita 45, naweka 15 na kuongeza. Oili ni 0W-20 na hubadilishwa kwa miezi sita, hata kama kilomita ni chache, kwa sababu injini inayowaka dakika mbili mbili haipati moto wa kukausha unyevu na petroli iliyoingia kwenye oili. Ukifungua kifuniko ukakuta utando kama maziwa yaliyoganda, ndio huo. Ile 20W-50 inayosifiwa kwenye maduka ya spea kwa kuwa "nzito" hapa haina nafasi.

Mchangani ni bora kuliko watu wanavyodhani, na kwenye mawe ni mbaya kuliko inavyoonekana. Mota ya nyuma ina torki ya Nm 195 tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, kwa hiyo kwenye mchanga laini haipigi kelele wala kuchimba ukikanyaga taratibu. Shusha upepo mpaka psi 20, bonyeza 4WD LOCK, na uwe umebonyeza CHARGE (injini ichaji betri) mapema ili usiingie na betri tupu. Betri ikiisha nguvu hupungua pale pale unapoihitaji. Gia ndogo ya kuburura haina. Ukikwama na kuendelea kukanyaga, mota hupata moto na kompyuta hukunyima nguvu mpaka zipoe. Sasa mawe: sakafu iko juu milimita 190, na kinachopita kwanza juu ya jiwe ni betri. Kwenye njia za maweni kata kona, usipitishe jiwe katikati. Wala usiiteremshe kwenye maji ya bahari kushusha boti. Maji ya chumvi na plagi za zile waya za rangi ya chungwa, za umeme mkubwa, havikai pamoja.

Gurudumu la spea halina, kiwandani wameweka dawa ya kuziba tu. Dawa haizibi ubavu uliochanwa na jiwe. Tafuta ringi ya inchi 18 yenye tairi 225/55, jeki na spana, viingie nyuma.

Vitu vitatu ndivyo vinavyoziua mapema hapa visiwani, na vyote vinazuilika. Breki kwanza: mota ndiyo inayopunguza mwendo, diski hazisuguliwi, chumvi inazila. Utaona mstari wa kutu pembeni, baadaye pini za kalipa zinaganda na pedi moja inakwisha upande mmoja. Asubuhi betri ikiwa imejaa kabisa umeme hauna pa kwenda, hapo breki za kawaida ndizo zinazofanya kazi. Kanyaga kwa nguvu mara tano sita barabara ikiwa tupu. Kila miezi sita pini zitolewe, zisafishwe, zipakwe grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida huvimbisha mpira.

Pili, gesi ya AC. Kompresa inaendeshwa kwa umeme wa volti 300 na mafuta yake ni POE, yasiyopitisha umeme. Fundi akijaza kwa mashine ile ile ya gari nyengine, mabaki ya mafuta ya PAG kwenye mipira yanatosha kuvujisha umeme mpaka kwenye bodi. Gari ikigundua inawasha taa ya hitilafu na kukataa READY, yaani haiwi tayari kuondoka. Na AC hiyo hiyo ndiyo inayopoza betri. Muulize fundi mafuta gani anatia. Akijibu "yote mamoja", funga boneti uondoke.

Tatu, maji. Kulanti iko mizunguko miwili, ya injini na ya vifaa vya umeme, kila mmoja na chupa yake. Maji ya bomba yetu yana chokaa. Mzunguko wa inveta ukiziba, utabadilisha kifaa kigumu kupatikana kwa sababu ya kikombe cha maji.

Mengine ni madogo. Redio ni ya mawimbi ya Japani, inaanzia 76 na haifiki juu, bila kigeuzi stesheni nyingi za hapa hupati. Skrini ni Kijapani tupu. Viti vyake vina joto la kuwasha, unaweza kuvitumia Februari ukiwa na ugomvi na abiria. Soketi ya wati 1500 nyuma, kwa zile zilizonayo, inatoa volti 100, kwa hiyo friji yako usiichomeke moja kwa moja. Tafuta transfoma ya kupandisha ya wati 2000, ndipo umeme ukikatika utawasha friji, feni na taa usiku kucha, na injini itaamka yenyewe betri ikishuka. Gari iwe nje, si ndani ya banda lililofungwa.