Alfa Romeo GTV ya kabureta mbili: usinunue difu kabla hujakagua manifoldi

Karibuni tena, watazamaji. Leo mezani kuna vitu viwili vya Alfa Romeo za familia ya 105, yaani zile GTV na Spider za miaka ya 60 na 70. Hii hapa ni manifoldi, bomba la aluminiamu linalopeleka hewa na petroli kwenye silinda kutoka kabureta mbili za Weber, aina ya 40 DCOE, na hii ni krauni na pinioni, gia mbili za ndani ya difu, meno 41 kwa 10, yaani uwiano wa 4.10. Mwenye gari akichoshwa na injini kulia barabara kuu, hukimbilia hii ya pili ili injini izunguke taratibu. Mimi nasema pesa ya kwanza iende kwenye manifoldi.

Kamera isogee. Kati ya aluminiamu hii na kabureta kuna kipande cha raba kilichogandishwa kwenye bamba za chuma, kimoja kwa kila kabureta. Kinameza mtikisiko wa injini ili petroli isipige povu kwenye bakuli la boya, pale petroli inaposubiri ndani ya kabureta. Hiki ukikitazama kimelala utasema kizima. Sasa nakikunja kidogo kwa kidole gumba... umeuona huo ufa? Ndiyo maana chini ya kabureta kunatakiwa vishikizo vya kubeba uzito. Mafundi wengi huvitupa wakishavifungua, halafu wanashangaa raba mpya haidumu.

Kwenye ufa huo injini inavuta hewa ya ziada, na mchanganyiko wa hewa na petroli unakuwa mwepesi. Silensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda na kushuka yenyewe, kabureta inapiga baruti. Na jambo ambalo wengi hawalijui: ukiwa kwenye mwendo mmoja, mguu mwepesi, DCOE bado inakunywa sana kupitia jeti ya silensa, kitundu cha kupimia petroli ya silensa, na vile vitundu vya mpito vinavyofuata ukianza kukanyaga mafuta. Kwa hiyo ufa mdogo unausikia hata ukiwa kilomita 100 kwa saa, gari linasitasita kama limeishiwa mafuta. Ukiweka difu ndefu, yaani ya uwiano mdogo kama hii ya 4.10, juu ya ugonjwa huo, injini inazunguka taratibu huku imebeba mzigo zaidi, na kusitasita kunaongezeka. Fundi anaanza kubadilisha jeti, na kosa liko kwenye raba.

Kupima ni rahisi. Injini ikiwa ya moto kwenye silensa, puliza dawa ya kusafishia kabureta, kidogo sana, kwenye kila kiungo. Mzunguko ukibadilika, umeupata. Kizima moto kiwe karibu, si mapambo. Bana pia mpira wa buster ya breki, nao huvuta hewa.

Kabla ya kuifungua manifoldi, mwaga maji ya rejeta. Maji ya injini hupita ndani yake, na thamostati imefungwa mbele yake. Gasketi hapa ikichoka, maji huingia kwenye silinda: moshi mweupe, rejeta inapungua, chini hakuna tone. Watu wameshusha silinda hedi bure kwa dalili hizo. Weka rula ya chuma kwenye uso huu. Ukiona mwanga chini yake, peleka ikachongwe. Nati za chini hazifikiki kwa spana ya kawaida, andaa fupi iliyopinda.

Wenye gari zilizouzwa Marekani na injekta za SPICA, zinazopuliza petroli kwa presha badala ya kabureta, mkihamia kabureta badilisheni na pampu ya petroli. Ile ya injekta ina presha kubwa mno, itasukuma sindano ya boya na mafuta yatafurika.

Sasa difu. Namba yake ni duru za propela shafti, ile shafti ndefu ya kutoka giaboksi, kwa kila duru moja la gurudumu. Uwiano wa gia ya tano ni 0.79. Kwa tairi za 165 rimu 14, ukiwa 130 kwa saa kwenye autostrada, barabara kuu ya Italia, difu ya 4.56 inakupa takribani mizunguko 4,050 kwa dakika. Ya 4.10 inashusha hadi kama 3,640. Kwa injini ya cc 2000 hiyo ni raha tupu. Kwa 1600 ningeiacha 4.56, na kwa 1300 msithubutu: kila kilima utarudi gia ya nne.

Hujui uliyonayo? Inua nyuma kwenye stendi, gia huru, zungusha magurudumu yote mawili pamoja duru moja, na hesabu propela shafti. Nne na kidogo ni 4.10, nne na nusu ni 4.56, tano na kidogo ni 5.12.

Kufunga krauni peke yake kunataka fundi wa kupima mkao wa pinioni na nafasi kati ya meno, la sivyo italia mluzi. Kubadilisha ekseli nzima kunakupunguzia kichwa kuuma, mradi breki zifanane. Na kumbuka spidomita inaendeshwa na giaboksi, haijui kama difu imebadilika. Ukitoka 4.56 kwenda 4.10 bila kuirekebisha, sindano ikisoma 99, wewe uko 110.