Fundi umeme wa magari aliyeitibu geji ya mafuta, Tabora mjini

Land Cruiser yangu ya mwaka 1994 ilikuwa ikionyesha nusu tenki hata siku iliponizimikia njiani nikitoka Sikonge, na karakana ya kwanza niliyoiendea ilibadilisha geji ya kwenye dashibodi bila kupima chochote, mshale ukabaki palepale. Fundi wa karakana hii ndogo alianza kwa kuchomoa waya wa tenki na kuugusisha kwenye chasisi huku swichi ikiwa imewashwa. Mshale ulipopanda hadi alama ya kujaa, alisema kwamba geji na waya ni vizima, ugonjwa umo ndani ya tenki.

Kweli, alipoitoa senda (kifaa cha ndani ya tenki kinachoipa geji taarifa ya kiwango cha mafuta), boya lilikuwa zima, lakini ule mzingo wa waya mwembamba ambao mkono wa boya huutelezea ulikuwa umelika katikati. Aliweka senda nyingine (iliyotumika, na alinieleza hivyo mapema), akakwangua kutu kwenye waya wa athi (unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari), kisha tukamimina mafuta lita 10 kwa awamu tukitazama mshale.

Kazi ilichukua siku mbili badala ya moja, na risiti sikupewa. Mshale bado huchezacheza kwenye makorongo, ila gari likisimama hutulia.