Maua ya Ndani kwa Bei Nafuu Unguja na Pemba: Njia za Kuyapata, Kuanzia Iliyo Bora

Anayetaka kupamba sebule yake kwa mimea hapa Zanzibar ana njia kadhaa za kuipata, na gharama zake hutofautiana sana, kiasi kwamba mche unaouzwa ghali katika duka la mapambo huenda unapatikana bure kwa jirani wa nyumba ya pili. Mwongozo huu unazipanga njia hizo kuanzia ile ninayoiona bora hadi ile ninayoishauri mara chache. Katika kuzipanga nimehesabu bei ya mche pamoja na nauli, chungu na udongo, na zaidi ya hayo nimetazama kama mche utakuwa hai baada ya kiangazi kimoja, kwa sababu mche wa bei ndogo unaokauka mwezi wa Februari ni pesa iliyotupwa. Kwa kipimo hicho, mimea inayotoka kwa watu huishinda ile inayotoka madukani. Mche uliokulia uani kwa mtu wa Mpendae au Wete umekwisha kuzoea joto letu, upepo wa bahari na maji ya visima vyetu, na aliyeukuza yupo, anaweza kuulizwa.

Ya kwanza: kubadilishana katika makundi ya mtaa

Makundi ya WhatsApp yamejaa kila mahali: ya wapangaji wa jengo moja, ya wazazi wa skuli, ya akina mama wa mtaa, na mengine ya wapenda bustani peke yao. Yoyote kati ya hayo yanafaa kwa kubadilishana miche, mradi msimamizi aombwe ruhusa kwanza na tangazo liandikwe vizuri. Tangazo zuri hutaja ulicho nacho, unachokitafuta na ulipo, kwa mfano hivi: "Assalaamu alaykum. Nna vichipukizi vinne vya mshubiri, vina mizizi tayari. Natafuta mani planti au iliki. Nipo Mpendae, naweza kuleta mwenyewe hadi Michenzani." Ujumbe kama huo hupata majibu kuliko ule wa kuuliza tu "nani ana maua?", kwa kuwa anayeusoma hujua papo hapo kama unamhusu. Picha moja ya mche wenyewe, iliyopigwa mchana bila kurembwa, husaidia sana.

Swali linalozua manung'uniko ni la thamani: mche gani ubadilishwe na upi? Ushauri wangu ni kupima muda uliotumika kuuotesha. Kikonyo, yaani kipande cha shina cha kuotesha, cha mani planti (ule mmea wa kutambaa) chenye kifundo kimoja hutoa mizizi ndani ya glasi ya maji kwa wiki chache tu, kwa hiyo hakina uzito mkubwa katika mabadilishano. Zamiokulka, mmea wa majani mazito yanayong'aa, ni jambo jingine. Jani lake moja likichomekwa udongoni hukaa miezi mingi likijenga kiazi chini kabla halijachomoza chipukizi la kwanza, na anayetoa mche wake ulioshika anastahili kupewa vikonyo kadhaa vya mimea iendayo kasi. Mimea yenye mabaka meupe nayo hukua polepole, kwa kuwa sehemu nyeupe ya jani haina klorofili ya kutengeneza chakula, na hiyo ndiyo sababu wenyewe huwa wazito kuikata.

Sansevieria, mmea wa majani magumu yaliyosimama kama panga, ikiwa na ukingo wa manjano inataka uangalifu wa peke yake. Ukipewa kipande cha jani lake, kitaota, lakini mmea utakaotoka utakuwa wa kijani kitupu, na ule ukingo wa manjano ulioutamani hautaonekana tena. Omba chipukizi lenye mizizi, lililogawanywa kutoka kwenye shina la mama. Nimeona watu wakituhumiana udanganyifu kundini kwa jambo hili, na kumbe hakuna aliyedanganya.

Kabla ya kuupokea mche, ukague hapo hapo barazani. Shika shina kwa chini katikati ya vidole, pindua chungu, kigonge taratibu na uache bonge la udongo litoke. Mizizi mizima huwa myeupe au ya rangi ya maziwa na haibonyei. Ikiwa ya kahawia, laini na yenye harufu ya uozo, mche umezidishiwa maji na pengine hautapona. Vinundu vilivyovimba kwenye mizizi ni dalili ya minyoo fundo, na udongo huo usiuingize kwako hata kwa bure. Kisha geuza majani na utazame pale yanapoungana na shina: vijiunga vyeupe kama pamba ni vidung'ata, wadudu wanaofyonza utomvu, ambao hawataishia kwenye maua ya ndani ikiwa una mpapai dirishani. Hata mche unaoonekana safi uweke peke yake wiki mbili kabla ya kuuchanganya na wenzake. Vidung'ata wachache hufutwa kwa kitambaa kilicholowa maji ya sabuni, na maji ya majani ya mwarubaini yaliyopondwa yanasaidia kuwapunguza.

Asiye na chochote cha kutoa aanzie kwa ndugu na majirani. Mshubiri hujaa vichipukizi hadi mwenyewe anatafuta wa kumpa, na mani planti ikishaufikia ukuta wa ua huhitaji kupunguzwa. Adabu ya kuomba inajulikana: unabisha hodi, unamwamkia bi mkubwa, unausifia mmea wake, unaomba, na unamwachia akate mwenyewe kwa kisu chake pale anapoona panafaa. Anayekata bila kuuliza hapewi tena, na habari zake hufika kundini kabla yake.

Wakati mzuri wa kuitisha mabadilishano ya ana kwa ana ni mwisho wa masika, kuanzia mwishoni mwa Mei na kuingia Juni, ambapo kila ua una cha kukata na kipupwe hakiunguzi vikonyo. Vuli, kuanzia Oktoba, ni nafasi ya pili. Januari na Februari ningeziacha. Kila mche uandikwe jina lake kwenye kipande cha karatasi yenye gundi, pamoja na maneno mawili: jua au kivuli.

Ya pili: vitalu vya kando ya barabara

Kwa anayetaka mmea mkubwa leo hii, kitalu cha mwenyeji kinatosha. Muuzaji huwa ameuotesha mwenyewe, bei inapatanika, hasa ukichukua miche kadhaa pamoja, na unaweza kuukagua kwa mkono. Tatizo ni kwamba miche mingi imezoea jua la wazi au kivuli chepesi cha minazi, na ikiingizwa ghafla katika chumba cha Mji Mkongwe, chenye kuta nene za mawe na dirisha linalotazama uchochoro, huangusha majani. Isogeze kidogo kidogo: wiki ya kwanza behewani (ua wa wazi katikati ya nyumba) au kwenye roshani, kisha karibu na dirisha, kisha ndani.

Usisahau mashamba ya viungo ya upande wa Kizimbani na Dole. Watu huyafikiria kama mahali pa kutembeza watalii, lakini iliki ni mmea wa kivuli wenye majani marefu yanayonukia, na ndani ya nyumba hupendeza hata usipozaa kamwe. Mvanila, ambao ni okidi inayotambaa, huoteshwa kwa kipande cha shina. Wenye mashamba hawa hawajazoea kuuza maua ya ndani, na kwa sababu hiyo bei zao hazijapanda.

Ya tatu: wauzaji binafsi wa mtandaoni

Kwenye Instagram na Facebook wapo wauzaji wazuri wanaokuletea mche hadi mlangoni, na wapo waliochukua picha za bustani za watu wa nje. Kumjua nani ni nani si kazi kubwa. Mwombe akupigie picha mche huo huo ukiwa kando ya karatasi iliyoandikwa tarehe ya leo, na ulize umekaa kwake muda gani. Anayeuza mali yake hujibu bila kinyongo. Lipa mche ukifika, au ulipe nauli tu kwanza. Mbegu za waridi la buluu zipite: mawaridi hayana rangi hiyo kwa asili, na kinachoota kutoka kwenye pakiti hizo, kama kitaota, si kile kilichomo pichani. Nimeipa njia hii nafasi ya tatu kwa sababu ya gharama ya kuleta, ambayo kwa mche mmoja mdogo huweza kukaribia bei ya mche wenyewe. Ukiagiza pamoja na jirani zako wawili, inaanza kuwa na maana.

Ya nne: maduka ya mapambo

Hapa unalipia chungu na mandhari. Inafaa kwa zawadi ya harusi.

Ya mwisho: kuagiza kutoka Bara

Dar es Salaam kuna aina nyingi zaidi na bei za kuvutia, na rafiki anayevuka kwa boti huonekana kuwa njia rahisi. Lakini Zanzibar ina sheria yake ya ulinzi wa mimea na ukaguzi wake bandarini, na mche unaoingizwa unatakiwa uwe na vibali vyake. Sababu yake ni ya kweli, kwani bonge moja la udongo linaweza kuleta wadudu na magonjwa ambayo wakulima wa mihogo na migomba wa visiwani hawana haja nayo. Ukijumlisha vibali, usafiri na miche inayoungua njiani, unafuu wote umekwisha.

Kati ya Unguja na Pemba mambo ni mepesi. Mtu wa Chake Chake anayebadilishana na wa mjini atume vikonyo bila udongo, vimefungwa kwa gazeti lililoloweshwa na kukamuliwa, kisha kuzungushiwa jani la mgomba. Vikonyo hivyo hufika bandari ya Mkoani au ya Malindi vikiwa vizima, na mbebaji hajachafuliwa mzigo wake.

Nje kabisa ya orodha hii ni msitu. Zamiokulka, ambayo Waholanzi waliifanya biashara kubwa kuanzia katikati ya miaka ya 1990 na ambayo baadhi ya nchi huiuza kwa jina lenye Zanzibar ndani yake, ni mmea wa asili wa Afrika Mashariki na Kusini. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kuuchimba. Jozani ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004, Ngezi ya Pemba ni msitu wa akiba, na mche uliong'olewa kutoka huko usikubaliwe katika mabadilishano hata mwenye nao akiapa kwamba ameuokota.

Gharama zinazojificha

Mara nyingi chungu hugharimu kuliko mche. Ndoo ya rangi iliyokwisha, kopo la maziwa au dumu lililokatwa vyatosha, mradi litobolewe chini kwa msumari uliotiwa moto. Kuhusu udongo, kinongo chekundu kikichanganywa na samadi iliyooza na kichanga hupitisha maji vizuri, ilhali kinamo hushikamana na kuozesha mizizi. Mchanga wa pwani una chumvi. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa ni mazuri ajabu kwa mimea inayotambaa, lakini uliza yametoka wapi: yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba, yaani nyuzi za kusokotea kamba, yameshiba maji ya bahari, na hayana budi kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa kabla ya kutumika. Maji ya kisima chenye chumvi huunguza ncha za majani, kwa hiyo anayeweza kukinga ya mvua wakati wa masika akinge.

Glasi za vikonyo na visahani vya chini ya vyungu ni mazalio ya mbu wanaoeneza homa ya dengi. Badilisha maji kila baada ya siku 3 au 4, na visahani vimwagwe kila siku.

Jambo la mwisho la kutazama kabla ya kupokea chochote ni nani anaishi ndani ya nyumba. Mani planti, zamiokulka na difenbakia (ile ya majani mapana yenye mabaka) zote zina utomvu unaowasha kinywa na koo zikitafunwa, na difenbakia ndiyo kali zaidi. Mwenye mtoto anayetambaa, au paka asiyeacha jani salama, aziweke juu asipofikia, au azitangaze kundini na kuomba klorofitumu, mmea wa majani membamba kama nyasi, badala yake. Hiyo haina madhara hayo, na vitoto vyake vinavyoning'inia kwenye mikia mirefu hushika mizizi upesi, kwa hiyo kabla ya vuli atakuwa na vya kwake vya kubadilishana.