Galaxy A05 kwa mtu wa Kibuye

Anayeshinda sokoni Kibuye, Kisumu, akipokea pesa kwa simu anahitaji chaji kuliko kamera. Galaxy A05, simu ya Samsung, inamfaa: betri ya 5000 mAh, na kioo cha pikseli 720 kwa 1600 hakili chaji sana. Haina kisoma alama ya kidole, hilo linavumilika.

Chaji huisha haraka mtandao ukiyumba, kwa sababu simu huongeza nguvu kuufikia mnara. Ukiwa ziwani, weka mtandao wa 2G. Simu zitaingia na *334# ya M-Pesa itafanya kazi. Tafuta chaja ya wati 25, maana ya wati 10 huchukua karibu saa tatu. Kabla ya kulipa, bonyeza *#06#, linganisha IMEI (namba ya utambulisho wa simu) na ya boksi, kisha itume kwa SMS kwenda 1555 kukagua kama simu ni halali.