Makaburi ya watemi wa Bourgogne mjini Dijon: ukumbi unaoonyesha nusu ya urithi

Jumba la makumbusho la sanaa la Dijon, mji mkuu wa Bourgogne mashariki mwa Ufaransa, Musée des Beaux-Arts, limo ndani ya kasri la watemi wenyewe. Mikusanyo yake ya kudumu hutazamwa bure, na Jumanne milango hufungwa. Anayetaka kuelewa jinsi kiti cha Bourgogne kilivyorithiwa kuanzia 1363 hadi 1477 aende moja kwa moja Salle des Gardes, ukumbi wa walinzi, yalipo makaburi mawili ya alabasta na marumaru nyeusi. Ni chumba cha fahari, na kwa mada hii sijui kingine kinachokipita. Ila aingie akiwa na orodha ya watawala kichwani, kwa sababu watemi wa kipindi hicho walikuwa wanne na makaburi ni mawili tu.

Orodha yenyewe ni fupi: Philippe le Hardi (1363–1404), mwanawe Jean sans Peur (1404–1419), mjukuu Philippe le Bon (1419–1467), kisha kitukuu Charles le Téméraire (1467–1477). Mara tatu kiti kilitoka kwa baba kwenda kwa mwana, na hakuna ndugu wala binamu aliyekidaka njiani. Unyoofu huo ndio unaowapoteza wageni wengi, wakadhani utemi ulianza na Philippe le Hardi. Kumbe tawi la ukoo wa Capet, ukoo wa wafalme wa Ufaransa, lilikuwa limeitawala Bourgogne tangu 1032. Mtawala wake wa mwisho, Philippe de Rouvres, alifariki Novemba 1361 akiwa na miaka 15, bila mtoto. Mfalme Jean II wa Ufaransa akaudai utemi kwa hoja kwamba yeye ndiye jamaa wa karibu zaidi, na miaka miwili baadaye akamkabidhi mwanawe wa mwisho. Mwana huyo ndiye Philippe le Hardi.

Sasa tazama kaburi lake. Amelala peke yake, na hilo lina maana kubwa. Mkewe, Marguerite wa Flanders, alikuwa mjane wa yule kijana Philippe de Rouvres. Alifunga ndoa na Philippe le Hardi mjini Gent mwaka 1369. Baba yake alipofariki 1384, Flanders, Artois na ile Bourgogne nyingine iliyokuwa chini ya Dola Takatifu la Roma, yaani Franche-Comté, ziliingia nyumbani kwa njia ya mwanamke huyu. Naye akazikwa Lille pamoja na wazazi wake. Nusu ya utajiri wa ukoo, kwa hiyo, haina sanamu hapa.

Kaburi la pili lina watu wawili, Jean sans Peur na mkewe Marguerite wa Bavaria. Jean aliuawa kwenye daraja la Montereau tarehe 10 Septemba 1419, katika mazungumzo na mrithi wa kiti cha Ufaransa. Kazi ya kaburi ilianza 1443 mikononi mwa Juan de la Huerta, ikamalizwa na Antoine Le Moiturier mwaka 1470. Mwanawe, Philippe le Bon, alikuwa amekwisha kufa miaka mitatu kabla. La kwanza lilikamilika mapema zaidi: Jean de Marville alilianza, Claus Sluter akaliendeleza, na Claus de Werve akalikamilisha 1410, miaka sita baada ya maziko.

Wengi hukaza macho kwenye sanamu kubwa zilizolala juu, na hapo hukosea. Makaburi yalivunjwa 1793, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, na sehemu kubwa ya sanamu hizo za juu ni kazi ya ukarabati wa 1819 hadi 1827. Usizitumie kujua sura za watemi. Tafuta picha zao za kuchorwa katika vyumba vingine vya jumba. Hazina ya kweli iko chini: waombolezaji wadogo wa alabasta, kila mmoja kama sentimita 40, wanaozunguka kaburi chini ya matao. Chuchumaa. Zunguka kwa kufuata msafara wenyewe, ukianza na mnyunyizaji wa maji ya baraka na wabeba mishumaa, kisha mapadri, watawa, na mwisho watu wa nyumba ya mtemi waliojifunika kofia za majoho. Mmoja anafuta machozi kwa vazi lake. Wachache wa waombolezaji hawa wako Cleveland, Marekani, kwa hiyo usishangae ukikuta nakala.

Wako wapi wawili waliobaki? Philippe le Bon alifia Brugge, katika Ubelgiji ya leo, mwaka 1467; mwili wake uliletwa Dijon baadaye, lakini hakupata kaburi la namna hii. Charles aliuawa vitani Nancy tarehe 5 Januari 1477, akazikwa huko, na katika karne ya 16 mabaki yake yakahamishiwa Brugge, alikolala binti yake Marie. Anayetaka kuufuata urithi hadi mwisho hana budi kwenda katika kanisa la Onze-Lieve-Vrouw huko Brugge. Dijon peke yake haitoshi.

Na Marie ndiye ufunguo. Alikuwa mtoto pekee wa Charles. Mfalme Louis XI wa Ufaransa alishika hoja kwamba utemi ulitolewa kwa mwana wa mfalme, na kwa kuwa hakuna mrithi wa kiume, unarudi kwa taji. Upande wa Marie ukakataa. Majeshi ya mfalme yakaichukua Bourgogne. Flanders mfalme hakuweza kuidai kwa hoja hiyo hiyo, maana huko mwanamke aliweza kurithi, kama alivyorithi Marguerite wa Flanders, mama wa babu ya baba yake Marie. Basi nyumba moja ikagawanyika kwa sheria mbili za mirathi. Marie aliolewa na Maximilian wa Habsburg Agosti 1477 na akafariki 1482 baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi. Mjukuu wake, Kaisari Karl V, aliacha kuidai Bourgogne kwa mkataba wa Cambrai wa 1529.

Ukiwa na nusu siku zaidi, nenda Champmol, magharibi ya stesheni ya treni. Ndipo yalipokuwa makaburi haya awali, katika monasteri aliyoianzisha Philippe le Hardi mwaka 1383. Leo ni eneo la hospitali ya magonjwa ya akili, na kilichosalia ni kisima cha Musa chenye manabii sita wa Sluter pamoja na lango la kanisa. Usilipite lango hilo haraka: Philippe amepiga magoti upande mmoja wa Bikira Maria, na upande wa pili, uso kwa uso naye, yuko mkewe Marguerite.